Kipimo cha Ramani na Ushahidi wa Majina: Kitale na Bungoma

Mwanahistoria wa lugha hutegemea sana majina ya mahali, na mara nyingi huyapata katika ramani. Lakini kimya cha ramani si ushahidi. Kabla ya kudai kwamba jina fulani halikuwapo, hatuna budi kuuliza ramani hiyo ilichorwa kwa kipimo gani.

Istilahi yenyewe huweza kupotosha. Ramani ya kipimo kikubwa, kama 1:50,000, huonyesha eneo dogo kwa undani mwingi. Ile ya kipimo kidogo, kama 1:1,000,000, huonyesha eneo kubwa kwa undani haba. Ukubwa utajwao ni wa sehemu ya hesabu, wala si wa nchi ichorwayo.

Tuchukue Kitale na Bungoma, miji iliyotengana takriban kilomita 70 kwa mstari ulionyooka. Katika 1:50,000 umbali huo ni sentimita 140. Katika 1:1,000,000 ni sentimita 7 tu. Ndani ya sentimita 7 mchoraji hulazimika kuchagua, na aghalabu huchagua miji na reli: njia ya Uganda ipitayo Webuye na Bungoma, na tawi lililofika Kitale mwaka 1926.

Yaachwayo je? Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza katika ngome zao za udongo, Lumboka na Chetambe. Ngome yenye upana wa mita 100 ingechukua milimita 2 katika 1:50,000; katika 1:1,000,000 ingekuwa sehemu ya kumi ya milimita, nyembamba kuliko mstari wa reli. Atumiaye karatasi hiyo pekee husoma historia ya reli akidhani ni historia ya wenyeji.

Jambo hili lina uzito. Mwaka 1962 Tume ya Mipaka ya Majimbo ilisikiliza madai yaliyopingana kuhusu jimbo la kuwekwa Kitale. Katika mabishano ya namna hiyo, jina lisiloandikwa hudhaniwa halikuwapo.

Hata kipimo kikubwa hakitoshelezi, kwani jina huandikwa kwa hiari ya mwenye kalamu: Webuye iliwahi kuitwa Broderick Falls. Kwa hiyo yafaa kila utafiti wa majina utaje kipimo na mwaka wa ramani iliyotumiwa, kisha uyapime majina hayo kwa masimulizi ya wazee wa mahali penyewe.