Kocha wa Mashine na Lugha ya Uwanjani

Nje kidogo ya mji wa Nakuru, kando ya barabara ya kwenda Nairobi, kuna kilima kiitwacho Hyrax Hill. Mary Leakey alifukua hapo mnamo 1937 na 1938, akapata makaburi na mabaki ya makazi ya kale. Kwenye miamba ya kilima hicho kumechongwa safu za vishimo vya bao. Ninapoisimulia historia ya akili unde, mimi huanzia hapo.

Kwa nini? Bao ni mchezo wa hesabu, na wataalamu wa kompyuta walipotaka kuipima akili ya mashine, walikimbilia michezo ya aina hiyo. Mnamo 1997 kompyuta Deep Blue ilimshinda bingwa wa sataranji, Garry Kasparov, jijini New York. Mwaka 2002, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliutegua awari, mchezo wa Afrika Magharibi ulio wa ukoo mmoja na bao letu. Kompyuta zao zilikagua hali zote za mchezo, zaidi ya bilioni 889, zikathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare.

Lakini katika bao na sataranji kila kitu ki wazi machoni. Kandanda sivyo. Mwaka uo huo wa 1997, mjini Nagoya, Japani, yalifanyika mashindano ya kwanza ya RoboCup, ambayo waasisi wake wanalenga timu ya roboti itakayowalaza mabingwa wa dunia ifikapo 2050. Kitengo kimoja hakina roboti wa chuma hata mmoja. Uwanja umo ndani ya kompyuta, na kila mmoja wa wachezaji 11 ni programu inayojitegemea. Mchezaji huona upande anaotazama tu, tena si barabara, na huruhusiwa kusema maneno machache mno. Kombe la kwanza la kitengo hicho lilitwaliwa na timu ya Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin.

Kisha akaja kocha. Naye ni programu. Anaona uwanja mzima, ila hawezi kumchezea mtu. Kazi yake ni kutoa maagizo mara mojamoja. Mwaka 2001 makocha hao wakaanza kushindanishwa wenyewe, na hapo likazuka suala la lugha. Kocha aliyeundwa chuo kimoja atawaelewesha vipi wachezaji walioundwa kwingine? Ilibidi watafiti wakubaliane kuhusu lugha moja sanifu ya ukocha: mpira ukifika mahali fulani, mchezaji fulani afanye hivi.

Hebu turudi Nakuru. Mji huu ulikuzwa na reli na mashamba ya walowezi. Wafanyakazi walitoka pande nyingi, kila mmoja na lugha ya mama yake, na Kiswahili kikawaunganisha kazini na kiwanjani. Nakuru All-Stars ndiyo iliyotwaa ligi ya kwanza ya taifa mwaka 1963. Kocha wa huku akipaza sauti "Panda!", beki hatafuti ngazi. Akisema "Mkabe!", hakuna anayeshikwa koo. Maana hizo zilikubaliwa na wachezaji wenyewe, bila kamati yoyote. Walichokitafuta watafiti mwaka 2001, viwanja vyetu vilikuwa nacho zamani.

Tatizo ni kwamba mashine haikui mtaani. Programu za lugha za siku hizi hujifunza kutokana na maandishi, na ya Kiswahili ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza. Lugha ya uwanjani, ambayo husemwa zaidi kuliko kuandikwa, ndiyo hukosekana kwanza. Kwa hivyo ninasema wanahabari wa michezo, walimu na makocha waiandike: maagizo, mbinu, hata mizaha yake. La sivyo, mtoto wa Nakuru atakayetaka kuunda kocha wa mashine itambidi kwanza atafsiri kwa Kiingereza kile ambacho beki wake anakielewa kwa neno moja.