Kagera Sugar: Timu ya Kiwanda, Uwanja wa Mji

Timu ya mpira ambayo nchi nzima inaiita timu ya Bukoba haina kwao Bukoba. Kwao ni Missenyi, ng'ambo ya mto Kagera, kwenye mashamba ya miwa unayoyakuta ukishavuka daraja la Kyaka. Bukoba ilitoa Uwanja wa Kaitaba, mali ya manispaa, ikatoa na watu wa kujaza majukwaa. Basi la timu, mishahara, posho za safari na fedha za usajili vilitoka kiwandani. Kwa mpango huo Kagera Sugar ilidumu Ligi Kuu takriban miaka 20, hadi iliposhuka daraja mwaka 2025. Vijana wengi walioko sekondari leo, kuanzia Kashai na Hamugembe hadi Nshamba na Kamachumu kule Muleba, walikuwa hawajawahi kuona ligi isiyo na timu ya kwao.

Kabla ya sukari kulikuwa na duka. Wazee wa Bukoba wakikaa na kahawa yao ya kutafuna wanazitaja timu za zamani, Balimi na RTC Kagera, kwa heshima ile ile vijana wanayompa mchezaji wa Ulaya. RTC ilikuwa Kampuni ya Biashara ya Mkoa, shirika la umma ambalo miaka ya 1970 na 1980 ndilo lililogawa sukari, sabuni, khanga na mabati kwa kila mkoa. Mikoa kadhaa ilikuwa na timu zenye jina hilo, na ya Kagera ilicheza na wakubwa wa nchi. Mchezaji alikuwa mwajiriwa: asubuhi ghalani au kwenye vitabu vya mahesabu, jioni mazoezini. Ndivyo mpira wa Tanzania ulivyoendeshwa zama hizo, nje ya Simba na Yanga. Mashirika ya umma yalikuwa na timu kama yalivyokuwa na zahanati na bwalo la chakula. Biashara ilipofunguliwa na mashirika hayo kuanza kufa, timu zake zikafa nayo. Hakuna aliyezifunga kwa tangazo. Msimu ulifika, hapakuwa na mtu wa kulipia mafuta ya gari.

Kiwanda cha sukari nacho kina majeraha yake. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Mutukula na kuteka ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera. Novemba 3 daraja la Kyaka likavunjwa. Mashine na magari ya mradi wa sukari yaliporwa na kupelekwa Uganda, pamoja na ng'ombe wa watu. Vita ilipokwisha mwaka 1979, kazi ya kukijenga kiwanda ilibidi ianze upya, na baada ya hapo kilisuasua miaka mingi mikononi mwa serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikauzwa kwa kampuni binafsi, ile ile iliyochukua Mtibwa Sugar ya Turiani, Morogoro. Haikuchukua muda, mkoa ukawa na timu Ligi Kuu yenye jina la kiwanda hicho, na mashabiki wakaipa jina la utani la Wanankurukumbi. Mtibwa ilikuwa imeshatwaa ubingwa mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na 2000, kwa hiyo wenye kampuni walijua timu ya miwa inaweza kufika mbali.

Ugumu wa kwanza wa timu ya Kagera ni ramani. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara. Mpaka wa Uganda uko kilomita 80 hivi, na Kampala ni karibu zaidi kuliko Dodoma. Timu ya Dar es Salaam ingeweza kucheza mechi kadhaa za ligi bila kutoka nje ya jiji, lakini Kagera Sugar kila mechi ya ugenini iliipanga kama msafara. Wachezaji walilala barabarani, wakafika na miguu iliyovimba, kesho yake wakaingia uwanjani. Ukiitazama rekodi ya timu hii bila kukumbuka barabara hiyo, utaihukumu vibaya.

Ukaribu na Uganda nao uliisaidia. Jackson Mayanja wa Uganda aliifundisha kabla ya kwenda Simba. Makocha hawakutoka Uganda tu: Abdallah Kibadeni, mfungaji mkubwa wa zamani wa Simba na Taifa Stars, alitokea Kaitaba kwenda kuifundisha Simba mwaka 2013. Baadaye akaja Mkenya Francis Baraza. Lakini aliyeacha alama kubwa ni Mecky Maxime, beki na nahodha wa zamani wa Mtibwa. Huyu aliijua sukari kwa pande zote mbili.

Maxime alifika timu ikiwa imerudi nyumbani baada ya kutangatanga. Kaitaba ulifungwa ili uwekewe nyasi bandia kwa msaada wa FIFA, kazi ikachelewa, na kwa misimu miwili timu ya Bukoba ilicheza mechi zake za "nyumbani" Mwanza, Shinyanga na Tabora. Shabiki wa Muleba aliyezoea kupanda Hiace kupitia Muhutwe na Kemondo, akaona mechi na kurudi kwake jioni, alibaki na redio. Mwaka 2016 uwanja ukafunguliwa. Haukukaa sana kabla ya kupewa kazi nyingine. Jumamosi Septemba 10, 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, likaua watu 17 na kuangusha maelfu ya nyumba. Kesho yake miili iliagwa Kaitaba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiongoza.

Msimu uliochezwa katika mazingira hayo ni mmoja wa misimu bora katika historia ya timu. Ulikuwa na aibu yake: Oktoba 2016 Yanga ilikuja Kaitaba na kushinda 6-2. Timu nyingine ingesambaratika. Kagera Sugar ikamaliza ya tatu, pointi moja mbele ya Azam yenye fedha zake zote, nyuma ya Simba na Yanga tu. Mshambuliaji kijana Mbaraka Yusuph alifunga hadi Azam wenyewe wakaja kumchukua.

Na ni msimu huo ambao Bukoba iliamua ubingwa wa nchi. Aprili 2, 2017, Kagera Sugar iliifunga Simba 2-1 pale Kaitaba. Simba wakakata rufaa, wakidai beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano, mojawapo ikiwa ya mechi dhidi ya African Lyon. Kamati ya Saa 72, iliyosimamia ligi, ikawapa Simba pointi tatu za mezani. Kagera Sugar ikapinga, ikisema kadi hiyo haikuwahi kutolewa. Wiki nzima nchi ilikuwa ikibishana kuhusu kipande cha plastiki ambacho mwamuzi alikitoa au hakukitoa mfukoni. Kamati ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji ikautengua uamuzi, na matokeo ya uwanjani yakarudi. Ligi ilipokwisha, Yanga na Simba walikuwa na pointi 68 kila mmoja, na Yanga ikatwaa kombe kwa tofauti ya mabao. Fanya hesabu mwenyewe. Simba walitishia kwenda FIFA, na hadi leo ukiligusa suala la Fakhi mbele ya shabiki wa Simba wa rika fulani, mazungumzo mengine yanakatika.

Mimi naamini uamuzi wa mwisho ulikuwa wa haki, na naamini pia kwamba klabu ndogo isingeweza kuupata kama isingekuwa na kampuni nyuma yake yenye uwezo wa kusafirisha viongozi hadi Dar es Salaam, kuwalaza, na kusubiri vikao. Hapo kiwanda kilistahili kila neno la shukrani.

Mei 19, 2018 Kagera Sugar ilikwenda Uwanja wa Taifa kama mgeni wa harusi. Simba ilikuwa imeshatwaa ubingwa na haikuwa imepoteza mechi hata moja ya ligi msimu huo. Rais John Magufuli alikuja kukabidhi kombe. Golini kwa Kagera alisimama Juma Kaseja, kipa aliyeidakia Simba na Taifa Stars miaka mingi na ambaye wengi walishamhesabu kuwa mzee. Mpira ukaenda hadi dakika za mwisho bila bao, kisha Edward Christopher, kijana aliyekulia Simba, akafunga. Uwanja ukanyamaza. Simba wakapata penalti. Akaenda Emmanuel Okwi, mfungaji bora wa ligi, Mganda ambaye huku kwetu ni kama jirani. Kaseja akapangua. Rais aliposhika kipaza sauti aliwaambia mabingwa wazi kwamba kwa kiwango alichokiona hawawezi kuleta kombe la Afrika. Nchi ilizungumzia kauli ile kwa miezi. Bukoba ilizungumzia mikono ya Kaseja.

Mwaka uliofuata ndio unaoieleza timu hii vizuri kuliko mwingine wowote. Aprili 2019 Simba ilikuja Kaitaba ikitoka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikafungwa 2-1. Mei, Dar es Salaam, ikafungwa tena 1-0. Timu iliyomfunga bingwa nyumbani na ugenini ilimaliza msimu huo huo karibu na mkia na kulazimika kucheza mchujo na Pamba ya Mwanza ili ibaki. Ilibaki. Kagera Sugar ilikuwa na moyo wa mechi kubwa, lakini Ligi Kuu inataka upate pointi pia Jumatano ya mvua, ugenini, mbele ya watu 300, baada ya siku mbili za basi.

Mechi kubwa ya mwisho ambayo mji wote unaikumbuka ni ya Januari 26, 2022. Simba tena. Mchezo huo ulipangwa Desemba ukaahirishwa kwa sababu wachezaji wa Simba walikuwa na mafua na homa. Ulipochezwa, Hamis Kiiza, Mganda aliyewahi kuvaa jezi za Yanga na Simba, alifunga bao pekee. Siku za namna hiyo Kaitaba huwa mali ya watu wote: bodaboda zimepangana hadi barabara kuu, muuza senene na sinia kichwani, mwingine na pakiti za kahawa iliyokaushwa na maganda yake, wazee wanazungumza Kihaya, mtangazaji wa redio anatafuta mahali pa kusimika waya wake.

Novemba mwaka huo huo uwanja ulijaa kwa sababu nyingine. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Wavuvi waliwahi na mitumbwi. Watu 24 waliokolewa, 19 walikufa. Siku iliyofuata majeneza yalipangwa Kaitaba, juu ya nyasi zile zile, na watu wakapita mbele yake kwa mstari. Ndiyo maana mimi siwezi kuuzungumzia uwanja huu kama mahali pa mpira tu. Bukoba haina sebule nyingine inayoweza kuwakusanya watu wake wote.

Kisha timu ikaanza kuteremka. Msimu wa 2024/25 ulikula makocha: Paul Nkata kutoka Uganda, halafu Melis Medo, na mwishoni benchi likaachwa kwa Juma Kaseja. Hakuweza kupangua hili. Kagera Sugar ilishuka pamoja na KenGold. Mtibwa, ndugu yake wa kampuni moja, ilikuwa imeshuka mwaka mmoja kabla, na sasa walipishana njiani: Mtibwa ikirudi juu kama bingwa wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, Kagera ikienda huko.

Haki itendeke katika kuihesabu. Katika miaka yake ya Ligi Kuu, Kanda ya Ziwa ilizika timu nyingi. Toto Africans ilishuka 2017, Stand United 2019, Mbao na Alliance 2020, Mwadui 2021, Biashara United 2022, Geita Gold 2024. Kagera Sugar iliziona zote zikija na zikiondoka. Kudumu huko kulitokana na mwajiri mmoja anayelipa kila mwezi. Ubaya wake ni kwamba shabiki hakuwahi kuulizwa chochote. Hakuwa na kadi ya uanachama ya kuonyesha, hakuwa na mkutano mkuu wa kwenda kupigia kelele, hakujua bajeti ya usajili ni kiasi gani hadi alipoona majina gazetini. Wengi wakabaki na Simba au Yanga mioyoni na Kagera kama timu ya pili, na zilipokuja Simba na Yanga, nusu ya Kaitaba ilivaa nyekundu au njano na kijani.

Kuna mfano mwingine nchini. Mbeya City ilianzishwa na halmashauri ya jiji lake mwaka 2011, ikashuka 2023, ikarudi Ligi Kuu 2025, mwaka ule ule Kagera iliposhuka. Sisemi kiwanda kiiachie timu, maana bila miwa hakuna basi. Nasema manispaa yenye uwanja na kiwanda chenye timu wakae meza moja na watu wa Bukoba, Missenyi na Muleba, waandikishe wanachama, na wawape wanachama hao viti kwenye kikao kinachopanga usajili. Championship haina Simba wala Yanga wa kuwajazia jukwaa. Anayekata tiketi Kaitaba kwa mechi ya ligi hiyo amekuja kuiona Kagera, na anapaswa kuandikwa jina lake mlangoni.