Benga Haimo: Historia Fupi ya Lebo ya MP3

Ukitaka kujua kwa nini maktaba ya nyimbo ya redio ya chuo huvurugika haraka, anza mwaka 1996. Mwaka huo Eric Kemp alibuni ID3, njia ya kuandika habari za wimbo ndani ya faili lenyewe la MP3. Ilichukua baiti 128 tu mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, maelezo kidogo, na nambari moja ya aina ya muziki. Aina zilikuwa 80. Polka ilikuwemo. Benga na taarab hazikuwemo.

Sasa jaribu kuandika Daniel Owino Misiani & Shirati Jazz. Herufi ya 30 inaishia kwenye "Shirati". Bendi imegeuka mji wa Tanzania! Toleo la pili la ID3, la mwaka 1998, liliondoa kikomo hicho, lakini jina lililokwisha kukatwa halirudi lenyewe.

Kwa hiyo nilipokaa hapa Kiandutu kuchora mfumo wa nyimbo wa redio ya chuo kimoja cha Thika, niliacha lebo kando, nikaanza na historia ya bendi.

Chukua akina Wanyika. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, waliongoza Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga wakaunda Les Wanyika. Baadaye Issa Juma akawa na Super Wanyika. Sehemu moja ya "msanii" haitoshi hapo. Nilitenga jedwali la watu, jedwali la bendi, na la tatu linaloeleza nani alikuwa bendi gani, tangu lini hadi lini.

Halafu kuna Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kufariki 2018. Mjukuu wake naye ni Joseph Kamaru, anajulikana kama KMRU, hutengeneza muziki wa elektroniki, na ndiye aliyezitoa upya nyimbo za babu yake kwenye intaneti. Mtangazaji akitafuta jina hilo anapata watu wawili. Ndiyo maana kila mtu ana nambari yake katika mfumo, na majina mawili yakifanana hayagongani.

Mbona nijisumbue hivyo? Kwa sababu kila wimbo ukichezwa, mfumo unaandika saa na nambari za waliourekodi. Mirabaha hudaiwa kwa orodha kama hiyo. Wimbo ulioandikwa "msanii hajulikani" haumlipi mtu, hata kama Thika nzima inaufahamu tangu gitaa la kwanza.

Na aina ya muziki? Hiyo nimeiacha wazi, watangazaji waandike wenyewe. Ya kwanza kuingia ilikuwa benga.