Sanduku la Posta na Kumbukumbu Pepe

Kwa miongo mingi barua ya mkazi wa Bukiriro, wilayani Ngara mkoani Kagera, haikuandikwa namba ya nyumba wala jina la mtaa. Juu ya bahasha palikuwa na jina lake, S.L.P. ya shule, parokia au ofisi, kisha Ngara. Mwandishi hakuhitaji kujua kitongoji; mgawa barua ndiye aliyejua nani anakaa wapi. Wengi huona utaratibu huu kuwa dalili ya nchi isiyojipanga. Mimi naona ulikuwa na busara yake: anwani isiyofungwa na mahali humwezesha mtu kuhama bila kupotea. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha mamilioni ya Watanzania, lakini namba ya sanduku haikulazimika kuwafuata.

Wahandisi wa Manchester waliifikia busara hiyohiyo kwa njia yao. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa mwaka 1962, ilikuwa na kumbukumbu ya haraka ya maneno 16,384 tu, na ngoma ya sumaku kubwa zaidi lakini ya polepole. Kabla yake, mtunzi wa programu alihamisha data mwenyewe baina ya hifadhi hizo mbili. Atlas ilimpa anwani pepe, ikagawa kumbukumbu katika kurasa za maneno 512, na kuutafuta ukurasa ikawa kazi ya mashine. Keneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi huo, hufanya vivyo hivyo leo: programu mbili hutaja anwani ileile, na jedwali la kurasa la kila moja huielekeza kwenye sehemu yake ya kumbukumbu halisi. Ndiyo maana moja haichungulii data ya mwenzake.

Mpinzani atasema S.L.P. hailiongozi gari la wagonjwa hadi mlangoni. Ni kweli, na ndiyo sababu kuelekea Sensa ya Agosti 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, kwa namba za nyumba, majina ya barabara na postikodi, zile za Kagera zikianza na 35. Keneli nayo ina hitaji hilo: kadi ya mtandao inayosoma kumbukumbu moja kwa moja haielewi anwani pepe ya programu, hivyo keneli huitafsiri kwanza. Kwa hiyo anwani moja haifuti nyingine. Zote mbili hutegemea rejista inayoziunganisha. Kibao kipya ukutani hakifai kitu ikiwa aliyehama bado ameandikwa pale. Baada ya kubandika vibao, jukumu kubwa la kila kata ni kuihuisha rejista hiyo kila mtu anapohama, anapojenga au anapofariki.