Kovu la moyo na ahadi ya uboho

Juni 2000, mjini Paris, daktari bingwa wa upasuaji Philippe Menasché alikifungua kifua cha mzee wa miaka 72 ambaye moyo wake ulikuwa umeshindwa. Kabla ya hapo kipande cha nyama kilikatwa kwenye paja la mzee huyohuyo, na seli zake zikakuzwa maabara hadi zikafika kama milioni 800. Sasa Menasché alizidunga, sindano baada ya sindano, kwenye kovu lililoachwa na mshtuko wa moyo.

Mzee aliishi zaidi ya mwaka mmoja, akafariki kwa maradhi mengine. Moyo wake ulipochunguzwa, nyuzi za msuli zilikutwa hai ndani ya kovu, lakini zilikuwa bado msuli wa paja. Hazikuungana na seli za jirani. Moyo hupiga kwa sababu seli zake hupokezana umeme na kukaza pamoja, kama wavuvi wanaovuta kokoro kwa wimbo mmoja. Hizi za paja hazikuusikia wimbo.

Kwa nini mtu ajaribu jambo zito hivyo? Mwenye kumuuguza mgonjwa wa moyo anajua. Kwetu husemwa "moyo umepanuka". Usiku mgonjwa halali chali. Anaegemea mito mitatu, akivuta pumzi kama aliyepanda mlima. Miguu imevimba, na ukimbonyeza kidole kwenye muundi shimo linabaki. Dawa zipo, zinapunguza maji mwilini na kuurefusha uhai, lakini hakuna inayorudisha msuli uliokufa. Mshtuko mmoja mkubwa unaweza kuua seli bilioni moja za msuli wa moyo, na pale zilipokuwa pakabaki kovu.

Ndiyo maana habari ya Aprili 2001 ilipokelewa kama mvua baada ya kiangazi. Katika jarida la Nature, Donald Orlic, Piero Anversa na wenzao waliandika kwamba seli shina za uboho, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, zikidungwa kwenye moyo wa panya uliojeruhiwa, hugeuka msuli mpya wa moyo na kujaza sehemu kubwa ya jeraha kwa siku tisa tu. Uboho unatolewa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Hauhitaji kiinitete wala mtoaji. Mwaka huohuo, mjini Düsseldorf, Bodo Strauer alianza kuwapa wagonjwa seli za uboho wao kupitia mishipa ya moyo. Baada yake zikafuata hospitali nyingi za Ulaya na Marekani.

Wachache walisimama wakauliza. Charles Murry wa Seattle na Loren Field wa Indianapolis waliurudia utafiti wa panya kwa seli zilizotiwa alama ya kijeni ambayo ingeonekana endapo tu seli imegeuka msuli wa moyo. Walipandikiza mara 145. Hawakuona hata moja iliyogeuka. Kundi la Stanford likafika hapohapo, na majibu yote mawili yalichapishwa mwaka 2004 katika Nature ileile. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipofaa kusimama. Majaribio kwa wagonjwa hayakusimama.

Anversa naye alikuwa amekwisha kudai kwamba moyo una seli shina zake, zinazoufanya upya mara kwa mara. Dai hilo lilipimwa kwa njia ambayo bado inanishangaza. Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa hewani kabla ya mkataba wa 1963 uliokataza majaribio hayo yalijaza anga kaboni-14. Mimea iliivuta, watu wakaila, aliyekula ugali Iringa na aliyekula mkate Stockholm. Seli inapozaliwa, DNA yake hubeba kipimo cha kaboni-14 cha wakati huo, na kipimo hicho hubaki humo. Jonas Frisén na wenzake wa Taasisi ya Karolinska walisoma mioyo ya marehemu kwa kipimo hicho. Mwaka 2009 walitoa jibu: kijana wa miaka 25 hupata seli mpya za msuli wa moyo kiasi cha asilimia 1 kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 chini ya nusu ya hapo. Moyo unajifanya upya, ila kwa kasi ambayo haiwezi kuziba jeraha.

Maabara ya Anversa ilitumia kaboni hiyohiyo, ikatoa kasi kubwa zaidi mwaka 2012. Miaka miwili baadaye jarida lililochapisha makala hiyo likaiondoa.

Mwaka huo wa 2014 pia, Darrel Francis na wenzake wa Imperial College London walipitia ripoti za majaribio ya uboho kwa wagonjwa wa moyo na kuhesabu mahali namba zinapokinzana. Kadiri ripoti ilivyokuwa na makosa mengi, ndivyo tiba ilivyoonekana kufanya maajabu. Zile zisizo na kosa hazikuonyesha nafuu yoyote. Nikikumbuka kwamba nyuma ya kila namba alikuwepo mtu aliyelala kitandani akichomwa sindano ya nyonga, nasikia uchungu.

Mwaka 2017 Hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston, alikokuwa Anversa, na shirika mama lake zilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 10 kumaliza madai ya takwimu za uongo za maabara yake. Oktoba 2018 hospitali hiyo na Chuo Kikuu cha Harvard zilipendekeza makala 31 za maabara hiyo ziondolewe kwa kuwa na takwimu za kughushi au zilizobuniwa. Anversa alikana kuhusika na kughushi. Jaribio moja la seli shina za moyo kwa wagonjwa lilisitishwa, na mwaka uliofuata jarida la Lancet likaiondoa ripoti ya jaribio jingine.

Njia nyingine ilikuwa imefunguka Japani. Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa kwenye hali ya seli shina, na mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Hapo ikawezekana kukuza maabara seli za moyo zinazopiga kweli kutoka seli za kawaida za mwili. Wolfram-Hubertus Zimmermann wa Göttingen, Ujerumani, alizichanganya na kolajeni akatengeneza viraka vya msuli. Mgonjwa mmoja, mwanamke wa miaka 46, alishonewa viraka kumi vyenye seli milioni 400 juu ya moyo wake, huku akitumia dawa za kuzuia mwili usivikatae.

Miezi mitatu baadaye akapata moyo wa kupandikizwa. Ule wa zamani ukaenda maabara, kama wa yule mzee wa Paris. Januari 2025 ripoti ilichapishwa: viraka vilikuwa hai, ni msuli wa moyo, na mishipa ya damu ya mwanamke huyo ilikuwa imeota ndani yake.