Wadhamini wa Malazi: Msafiri na Nyumba ya Wageni katika Ulaya

Kabla ya karne ya 19, msafiri aliyeingia katika mji wa Ulaya asikokuwa na ndugu wala mwenyeji aliweza kujua kwa shida sana ni nyumba ipi ya wageni ingempa kitanda safi kwa bei ya haki na ni ipi ingemnyonya. Kwa hiyo historia ya malazi katika bara hilo ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kumtafuta mtu wa tatu, asiye mgeni wala mwenye nyumba, ambaye neno lake lingeaminiwa na pande zote mbili.

Katika Zama za Kati dhamana hiyo ilitolewa na dini. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yaani utaratibu wa maisha uliotungwa katika karne ya 6 na kufuatwa na watawa wengi wa Ulaya Magharibi, iliagiza katika sura yake ya 53 kwamba mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na kwa moyo huo zikajengwa hospitio, ambazo ni nyumba za kuwahifadhi wasafiri kwa sadaka, kwenye njia za hija na hasa katika mapito ya milima ambako theluji iliua watu. Ile ya Great St Bernard, mpakani mwa Uswisi na Italia ya leo, ilianzishwa katika karne ya 11, mahali penye mwinuko wa karibu mita 2,470. Codex Calixtinus, mkusanyo wa maandishi wa karne ya 12 unaohusu hija ya Santiago de Compostela huko Hispania, unaihesabu kuwa mojawapo ya hospitio tatu kuu, pamoja na ya Jerusalem na ya Santa Cristina katika kipito cha Somport. Lakini mkusanyo huohuo una mahubiri yanayowalaani wenye nyumba za wageni waliomwonjesha hujaji divai nzuri kisha wakamuuzia mbovu. Kwa mwanahistoria, laana hiyo ina thamani kuliko sifa zote, kwa kuwa inathibitisha kwamba sadaka haikutosha na kwamba biashara ya malazi, pamoja na ghiliba zake, ilikwisha kushamiri.

Reli na meli za mvuke zilipoongeza wasafiri katika karne ya 19, dhamana ilihamia kwenye kitabu. John Murray wa London alichapa mwongozo wake wa Ulaya bara mwaka 1836, na Karl Baedeker, aliyefungua duka la vitabu mjini Koblenz mwaka 1827, akaiga mfano huo kisha akaupita, akikusudia kumwokoa msafiri na wapiga debe pamoja na viongozi wa kukodi waliomzonga kila aliposhuka. Nyota, alama ambayo aliitumia kuanzia miaka ya 1840 kuonyesha vitu vinavyostahili kutazamwa, baadaye ilitiwa pia kwenye majina ya hoteli. Na kilichoipa nyota hiyo nguvu, pengine kuliko usahihi wenyewe, ni msimamo wa miongozo ya Baedeker, uliotangazwa waziwazi kwa wenye hoteli, kwamba haipokei matangazo ya aina yoyote na kwamba sifa hupatikana kwa uadilifu na ukarimu tu. Thomas Cook alichukua njia nyingine: kuanzia mwaka 1868 aliuza hati za hoteli, ambazo msafiri alizilipia kabla ya kuondoka na kuzikabidhi kwa mwenye hoteli badala ya fedha, hivyo ugomvi wa bei ukaisha kabla haujaanza.

Mwongozo wa Michelin uliotolewa Ufaransa mwaka 1900 ulikuwa na asili yenye kutia shaka zaidi, kwani ndugu André na Édouard Michelin walikuwa watengenezaji wa matairi ambao faida yao ilitegemea watu kusafiri mbali kwa magari, na nakala zao zipatazo 35,000, zenye orodha za mafundi, maduka ya petroli na hoteli, ziligawiwa bure huku zikibeba matangazo. Miaka 20 baadaye walibadili mambo yote mawili kwa pamoja: matangazo yaliondolewa, na kitabu kikaanza kuuzwa kwa faranga 7.