Elimu ya misitu (Rwanda)

Elimu ya misitu nchini Rwanda hutolewa na Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi za umma za elimu ya juu, ikiwemo ya kilimo ya Busogo, wilayani Musanze. Masomo yake yanahusu ikolojia, ukuzaji na upimaji wa miti, udongo na kilimo mseto. Karibu na sekta ya Kanama, wilayani Rubavu, mfano mkuu wa misitu inayohitaji maarifa hayo ni msitu wa Gishwati, uliopoteza sehemu kubwa ya eneo lake kwa malisho, mashamba na makazi ya wakimbizi waliorejea baada ya 1994. Mabaki yake na msitu wa Mukura yalifanywa hifadhi ya taifa kwa sheria ya mwaka 2015. UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya biosfia mwaka 2020.